Timu dhaifu, pesa nyingi na shingo za vijana

MSOMAJI, wiki hii tutaviweka kando kisukari na shinikizo la damu, tuzungumzie madhara ambayo hayaletwi na mbu wala chumvi. Haya huanzia ofisini, siku mkataba wa mechi unapotiwa sahihi.

Mnamo Septemba 1, 2012, chuo kikuu kidogo cha Savannah State, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, kilisafiri kwenda kucheza na Oklahoma State. Mchezo ulikuwa mpira wa Marekani, ule wa mikono na helmeti. Kilifungwa 84-0. Juma lililofuata vijana wale wale walipelekwa Florida State. Kabla ya mechi, wenye kamari walikuwa wamekwisha kukadiria kwamba wageni wangeshindwa kwa alama 70 na nusu. Mambo yalipozidi, saa iliachwa iendelee bila kusimamishwa ili mateso yaishe mapema. Kisha radi ikatanda, na katika robo ya tatu mechi ikavunjwa ikiwa 55-0. Malipo ya Savannah State kwa safari hizo mbili yalikuwa dola 860,000.

Huenda ukauliza: haya yanahusu nini ukurasa wa afya? Yanahusu sana. Baadhi ya vijana waliotoka kwenye mechi kama hizi hawakutoka kwa miguu yao. Ukielewa jinsi mwili unavyovunjika katika mechi isiyolingana, utaelewa pia ya kuangalia mwanao atakapokwenda kucheza raga Jumamosi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, fikiria raga ambayo kila mtu amevaa helmeti na mabega ya plastiki, na ambamo hata asiye na mpira anaruhusiwa kukumbwa. Kila upande una wachezaji 11. Mchezo huenda kwa vishindo vifupi vya sekunde chache, halafu watu hujipanga upya. Timu ikifikisha mpira mwisho wa uwanja hupata alama sita, na teke la ziada huongeza moja. Baada ya hapo timu iliyofunga ndiyo hupiga teke la kuanzia, na iliyofungwa ndiyo hupokea. Lishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Mnyonge hulipwa

Chuo kikubwa chenye uwanja wa watu zaidi ya 90,000 kinataka mechi za nyumbani, tena kinataka kushinda. Chuo kidogo kinataka fedha. Ndipo wanapopatana: njoo kwetu, ufungwe, uondoke na hundi. Fedha hizo huwalipia wachezaji mabasi, mavazi na chakula, na mara nyingi hubeba hata michezo mingine isiyoleta mapato, kama vile mbio na voliboli ya wasichana. Kwa hiyo usifanye haraka kumlaumu mkuu wa chuo kidogo. Ana bajeti ya kujaza.

Tofauti ya nguvu si ya kubahatisha. Tangu miaka ya tisini hadi mabadiliko ya mwaka 2025, timu za ngazi ya juu ziliruhusiwa kuwapa wachezaji 85 ufadhili wa masomo, na za ngazi iliyo chini yake 63 tu. Yaani kabla hata ya kupima uzani wa mtu mmoja mmoja, upande mmoja una vijana 22 zaidi waliochaguliwa na kulipiwa. Ongeza hapo vyumba vya mazoezi, wapishi, wataalamu wa viungo na madaktari.

Tena vyuo vinavyokubali mechi hizi aghalabu ni vile vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi enzi za ubaguzi. Savannah State ni kimojawapo. Southern na Tennessee State, ambavyo tutavitaja hivi punde, pia ni vyao. Septemba 2023 serikali ya Marekani iliwaandikia magavana wa majimbo 16 ikisema kwamba vyuo vya aina hiyo vilivyopewa ardhi na serikali vilikuwa vimepunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miongo mitatu. Tennessee State peke yake ilipunjwa dola bilioni 2.1. Chuo kilichopunjwa hivyo kikiitwa kwa dola laki sita kwenda kupigwa, kitakwenda.

Na wachezaji wenyewe hutaka kwenda. Mnamo Septemba 1, 2007, Appalachian State, timu ya ngazi ya chini iliyolipwa dola 400,000, iliifunga Michigan 34-32 mbele ya watu zaidi ya 100,000. Kila kijana wa chuo kidogo anaijua mechi hiyo. Mtu wa miaka 19 huwezi kumwambia asiende kujaribu bahati yake. Hiyo ni kazi ya wazee walio juu yake.

(Mambo haya si mapya. Mwaka 1916 chuo cha Cumberland kilikuwa kimekwisha kuivunja timu yake, lakini kingetozwa dola 3,000 kama kisingefika Atlanta kucheza na Georgia Tech. Kikaokoteza wanafunzi wachache, kikaenda. Matokeo yalikuwa 222-0, na hadi leo rekodi hiyo haijavunjwa.)

Gari dogo na lori

Sasa tuingie katika mwili. Dereva yeyote wa Barabara ya Mombasa anajua kwamba gari dogo likigongana uso kwa uso na lori, anayeumia zaidi ni wa gari dogo. Sababu ni kwamba nguvu ya mgongano ni ile ile kwa wote wawili, lakini chenye uzani mdogo ndicho kinachosimamishwa ghafla na kurudishwa nyuma. Mchezaji wa kilo 110 akigongana na wa kilo 140, mwendo wake hubadilika zaidi ya ule wa mwenzake kwa kiasi kinachozidi robo. Badiliko hilo la ghafla ndilo linalotikisa ubongo ndani ya fuvu.

Mwendo wenyewe ni hatari kuliko uzani. Nishati ya mtu anayekimbia huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Mtu wa kilo 105 akitoka mita nane kwa sekunde hadi mita tisa, hajaongeza hata hatua mbili, lakini nishati anayokuja nayo imepanda kwa zaidi ya robo. Timu kubwa huchagua vijana walio wazito na wepesi kwa pamoja, na hapo ndipo fedha zao zinapokwenda.

Hata hivyo, ukiishia hapo utakuwa umeelewa nusu tu. Septemba 26, 2015, Southern ilikwenda Georgia kwa malipo ya dola 650,000 ikafungwa 48-6. Katika mechi hiyo kijana wa Southern aitwaye Devon Gales alivunjika pingili ya sita ya shingo na kupooza. Hakugongana na jitu la kilo 140. Aligongana na mpiga teke wa Georgia, na wapiga teke aghalabu ndio wepesi katika timu. Baadaye michango ilikusanywa kumjengea nyumba inayofaa kiti cha magurudumu. Ikiwa uzani ndio kila kitu, ajali hiyo haielezeki. Ili kuielewa inabidi tuiangalie shingo, kisha turudi kwenye lile teke la kuanzia.

Shingo ya binadamu ina pingili saba. Ukisimama ukitazama mbele, pingili hizo hazijanyooka. Zina mpindo mdogo kuelekea mbele, na mpindo huo ndio springi yetu. Ukipigwa kichwani, springi hujikunja, misuli hushika, na nguvu husambaa. Lakini ukiinamisha kichwa kiasi cha nyuzi 30, kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka, mpindo hupotea na shingo hunyooka kama mpini wa ufagio. Mtu akikumba kwa utosi akiwa katika hali hiyo, kichwa husimama lakini kiwiliwili kinaendelea kuja na uzani wake wote. Shingo hubanwa katikati. Pingili hupasuka, na vipande vyake huweza kusukumwa hadi kwenye ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva ipitayo ndani ya mifupa na kupeleka amri za ubongo mikononi na miguuni.

Mahali palipovunjika ndipo panapoamua maisha ya baadaye. Neva zinazoendesha kiwambo, msuli mpana chini ya mapafu unaotuvutisha pumzi, hutoka penye pingili ya tatu, ya nne na ya tano. Aliyeumia hapo, au juu yake, huenda akahitaji mashine ili apumue. Ugwe ukiharibika kabisa penye pingili ya sita, mtu hupumua mwenyewe, hukunja kiwiko na mara nyingi huweza kuinua kifundo cha mkono, lakini vidole na miguu havimtii. Kibofu na matumbo navyo huhitaji kusaidiwa. Sentimita mbili tu za mfupa hutenganisha maisha hayo mawili.

Unaona basi kwamba aliye mbele yako hahitaji kuwa jitu. Mwili wako mwenyewe, ukija nyuma ya kichwa kilichoinama, unatosha kuvunja shingo yako.

Lile teke la kuanzia

Katika vishindo vingi vya mchezo huu watu huanza wakiwa wamekaribiana, hatua moja au mbili. Kwenye teke la kuanzia sivyo. Watu 11 hukimbia makumi ya yadi wakiwa wazi, na wengine 11 huwajia kutoka upande wa pili. Hapo ndipo kasi hufika juu kabisa. Gales aliumia kwenye teke la kuanzia. Oktoba 16, 2010, Eric LeGrand wa chuo cha Rutgers alivunjika pingili za tatu na nne, naye pia alikuwa kwenye teke la kuanzia.

Sasa fanya hesabu. Alama 84 ni sawa na kufikisha mpira mwisho wa uwanja mara 12, ukihesabu na ile alama ya teke la ziada. Kila mara, timu iliyofungwa hurudi kupokea teke jingine la kuanzia. Katika mechi iliyolingana, hatari hiyo hugawanywa kwa pande zote mbili. Katika mechi isiyolingana, wanyonge hukaa upande wa kupokea jioni nzima, wakiwa wanazidi kuchoka, huku washindi wakileta vijana wapya kutoka benchi lisiloisha. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ilipo hatari kubwa ya mechi za malipo. Tunatazama ukubwa wa yule jitu, tunasahau idadi ya mara ambazo mnyonge anaitwa kwenye tendo lenye hatari kuliko yote.

Sitaki kutia chumvi. Mechi ya LeGrand haikuwa ya mnyonge na jitu. Rutgers iliishinda Army 23-20 baada ya muda wa nyongeza. Kuvunjika shingo kunaweza kutokea popote, na ni ajali ya nadra ukilinganisha na maelfu ya vijana wanaocheza. Lakini daktari hangojei kila mvutaji sigara apate saratani ndipo aseme sigara ni hatari. Anapoona kinachoongeza hatari, husema.

Uchovu na ubongo

Jambo la pili ni uchovu. Mchezaji aliyechoka hushusha kichwa. Misuli ya shingo yake hukaza kwa kuchelewa, macho yake huangalia nyasi badala ya kifua cha anayemjia. Kila kocha hufundisha kwamba ukumbe kwa bega huku ukiona unachokikumba. Baada ya robo tatu za kupigwa, fundisho hilo ndilo la kwanza kusahaulika. Timu yenye akiba humpumzisha mtu. Isiyo na akiba humwambia, "Kaza, zimebaki dakika kumi."

Na isiyo na akiba pia hushawishika kumrudisha uwanjani aliyegongwa kichwa. Hili ni baya kuliko yote. Mtikiso wa ubongo hauonekani kwa macho, wala kwenye picha za kawaida za hospitali. Wengi hudhani kwamba asiyezirai hana mtikiso. Ukweli ni kwamba chini ya mmoja kati ya kumi ndio huzirai. Wengine husimama wakiwa na macho yaliyopotea, huuliza swali lile lile mara tatu, husema kichwa kinauma au mwanga unawachoma, hukasirika bila sababu. Ubongo wa namna hiyo hauna uwezo wa kuvumilia pigo jingine. Mwaka 1984 madaktari wawili wa Marekani walieleza kisa cha kijana aliyepata pigo la pili kabla la kwanza halijapona: ubongo ulivimba ghafla, na akafariki. Tangu hapo hali hiyo imeandikwa mara nyingi, karibu yote kwa vijana. Pigo la pili halihitaji kuwa zito.

Kuna pia damu kuvilia. Kati ya ubongo na utando wa nje kuna vijishipa vyembamba vya damu. Ubongo ukitikiswa kwa nguvu, kimojawapo hukatika na damu huanza kujikusanya taratibu ikiubana ubongo. Mtu anaweza kuongea vizuri kwa dakika kadhaa, kisha akaanguka. Septemba 29, 2018, Christion Abercrombie wa Tennessee State alikuwa akicheza dhidi ya Vanderbilt mjini Nashville. Alitoka nje ya mstari akilalamika kuumwa na kichwa, kisha akaporomoka. Hospitali kubwa ya chuo hicho iko jirani. Alifanyiwa operesheni ya dharura, akaishi, na baadaye akarudi chuoni kuendelea na masomo. Mechi hiyo iliisha 31-27, kwa hiyo usiniambie alama kwenye ubao ndizo zinazoonyesha nani yuko salama. Ninachotaka ukione ni muda. Kilichomwokoa ni kwamba maneno yake "kichwa kinaniuma" yalisikilizwa akiwa nje ya mstari, na chumba cha upasuaji kilikuwa karibu. Angekuwa kwenye uwanja ambao ambulensi inatoka mji wa pili, habari ingekuwa nyingine.

Sheria zilizosaidia

Mchezo huu uliwahi kukaribia kupigwa marufuku. Mwaka 1905 walikufa vijana wasiopungua 18, na Rais Theodore Roosevelt akawaita wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton Ikulu ya Marekani. Mwaka uliofuata sheria zilibadilishwa, mpira ukaruhusiwa kurushwa mbele ili watu wasirundikane, na kikaundwa chama ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA.

Somo kubwa zaidi ni la 1976. Helmeti za plastiki ngumu zilikuwa zimepunguza kupasuka kwa mafuvu, lakini zilileta balaa jipya: kijana aliyejiona amekingwa alianza kukitumia kichwa kama nyundo. Daktari Joseph Torg alikusanya takwimu za waliopooza, zikaonyesha wazi kwamba wengi walikuwa wamekumba kwa utosi. Kukumba kwa kichwa kukapigwa marufuku. Waliopooza mikono na miguu katika mchezo huo walikuwa 34 msimu wa 1976. Msimu wa 1984 walikuwa watano. Hakuna dawa iliyovumbuliwa hapo. Ni kanuni moja tu na marefa waliopuliza filimbi.

Tangu 2013 mchezaji wa chuo anayemlenga mwenzake kichwani hutolewa uwanjani. Kuhusu teke la kuanzia, vyuo vinane vya Ivy League vilisogeza mbele mahali pa kupigia mwaka 2016 ili mpira uvuke mstari wa mwisho na watu wasigongane. Mitikiso ya ubongo kwenye matendo hayo ilishuka kutoka karibu 11 hadi 2 kwa kila mateke 1,000. Mwaka 2018 NCAA nayo iliruhusu mpokeaji audake mpira karibu na mwisho wa uwanja na mchezo uanzie yadi ya 25 bila mbio. Makocha pia wanaruhusiwa kukubaliana na refa wafupishe robo zilizobaki mechi ikigeuka machinjo. Ila sheria hiyo inategemea mtu kukiri, mbele ya mashabiki waliolipa kiingilio, kwamba mechi imekwisha. Kwa hiyo hutumika kwa nadra.

Je, hapa kwetu?

Huku kwetu hakuna mechi za dola laki sita, lakini tuna raga ya shule za upili, na msomaji wa mjini anajua kwamba shule yenye mila ya raga ya miaka 50 hupangwa na shule iliyonunua mpira wake wa kwanza mwaka jana. Hatari ya shingo katika raga iko mahali pawili: kwenye kukumba, na kwenye skramu. Watu watatu wa mbele wa kila timu wanapofunga mabega, kuna nguvu ya watu wanane nyuma ya shingo zao. Kijana ambaye hajafundishwa kazi ya mbele, akisukumizwa pale kwa sababu aliyepaswa kucheza ameumia, yuko hatarini hata kama ni mnene.

Raga ina akili kidogo kuliko mpira wa Marekani katika jambo hili. Timu ikikosa watu wa mbele waliofundishwa, sheria zinataka skramu zifanywe bila kusukumana. Kwa vijana walio chini ya miaka 19, skramu hairuhusiwi kusukumwa zaidi ya mita moja na nusu. New Zealand, ambako watoto hucheza raga tangu wadogo, mashindano mengi ya watoto hupangwa kwa uzani na si kwa umri peke yake. Mzazi anaweza kumuuliza mwalimu wa michezo bila kumtukana: nani anacheza mbele leo, na nani atachukua nafasi yake akiumia? Jibu likiwa "tutaona", basi timu hiyo haina watu wa mbele, na refa aambiwe kabla ya filimbi ya kwanza. Aulize pia nani ana ruhusa ya kumtoa mchezaji aliyegongwa kichwa. Mtu huyo asiwe kocha anayetafuta ushindi.

Zile kofia laini za raga zinazouzwa madukani huzuia masikio kuvimba na ngozi ya kichwa kuchanika. Hazizuii mtikiso wa ubongo. Usinunue ukidhani umenunua usalama.

Ikiwa mchezaji ameanguka na anasema shingo inauma, au miguu imekufa ganzi, au hawezi kusogeza mikono, usimwinue. Usimketishe, usimpe maji, usimgeuze ili umwangalie. Mtu mmoja apige magoti penye kichwa, akishike kwa mikono miwili kikiwa vile vile kilivyokutwa, na aendelee kuzungumza naye polepole mpaka wenye machela ngumu wafike. Pengine itachukua nusu saa kwenye baridi. Mfunike, endelea kushika. Kosa linalofanywa viwanjani mwetu ni lile la marafiki wanne kumshika mikono na miguu na kumtupa nyuma ya pikapu. Mfupa uliovunjika bila kugusa ugwe mgongo unaweza kuukata njiani. Akiwa hapumui, pumzi huja kwanza: taya lisukumwe mbele bila kukunja shingo, na kifua kianze kubonyezwa.

Aliyegongwa kichwa na kuonyesha dalili tulizotaja atoke, na asirudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa baada ya dakika tano. Apumzike siku moja au mbili, kisha arudie shughuli taratibu, shule kwanza na michezo baadaye. Uingereza ilitoa mwongozo mwaka 2023 kwamba mchezaji wa kawaida asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21. Kwa maumivu mpe parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni ziache siku za mwanzo kwa sababu zaweza kuongeza kuvuja damu. Wazee wetu walisema aliyegongwa kichwa asilale. Akishaangaliwa na daktari anaweza kulala, lakini usiku wa kwanza awepo mtu wa kumwangalia.

Kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika tena na tena, usingizi usioamshika, degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, kilegevu upande mmoja wa mwili, au maneno yasiyoeleweka. Huyo apelekwe hospitali yenye mashine ya skani ya kichwa, si zahanati ya karibu tu kwa sababu ni karibu. Majeraha ya uti wa mgongo nayo yana hospitali yake ya kitaifa jijini Nairobi, lakini mgonjwa kwanza hutulizwa katika hospitali kubwa iliyo jirani na ajali.

Kabla ya mechi, mwalimu ajue hospitali hiyo ni ipi, na ni gari gani litakalotumika. Nambari za dharura ni 999 na 112. Ziandikwe kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza, pamoja na jina la uwanja na lango ambalo ambulensi inaweza kuingilia.